Usizichemshe bitiruti mwanangu, zipalie

Swali: "Shikamoo Bi Mpishi. Mie niko Lamu, Langoni. Mama ana presha na daktari kamwambia apunguze chumvi na mafuta, ale mboga kwa wingi. Nikatamani kumtengenezea ile saladi ya bitiruti za kuchoma kwenye oveni, lakini oveni sina, nina seredani ya makaa na meko ndogo ya gesi basi. Nikazimenya, nikazikata, nikazichemsha. Zikatoka zimelowa hazina ladha, zanuka udongo, na sahani nzima ikageuka nyekundu mpaka mayai. Mama kala vijiko viwili akasukuma kando. Nimekosea wapi? Mayonezi naweza kutia? Na ni kweli bitiruti zinaongeza damu?"

Marahaba mwanangu. Mama mpe salamu zangu, mwambie asizichukie bitiruti kwa ajili ya siku moja. Manake hapo kosa si la bitiruti wala si la mkono wako, kosa ni la maji. Ukishaimenya bitiruti ukaikatakata ukaitosa kwenye maji yanayochemka, utamu wake wote unatoka unaingia kwenye maji, rangi inatoka, na hata kile kitu chenyewe ambacho mama anakihitaji kwa presha yake kinatoka vilevile (ntakieleza huko mbele), halafu maji yenyewe tunayamwaga tunabaki na makapi, sasa makapi nani atayala? Bitiruti inataka moto mkavu, ikiwa nzima, na ganda lake mwilini. Ukishika hilo tu umeshafika nusu ya safari.

Na oveni isikutie unyonge kabisa. Nimepika jikoni mwa hoteli hapa Malindi miaka mingi, oveni nimezizoea, na bado nyumbani kwangu bitiruti nazipalia. Ndio, kupalia kulekule unakokujua, kama mkate wa mayai, moto chini na moto juu. Oveni ni nini zaidi ya hapo? Bibi yako angeambiwa bitiruti zinataka joto la pande zote asingeuliza mara mbili, angechukua koleo tu.

Lakini tuanze sokoni kwanza, manake wengine huharibikiwa hapo kabla hata hawajawasha moto. Bitiruti si mmea wa kwetu, yapenda baridi, hivo hizo tunazonunua zimetoka bara huko juu, zikashuka na malori mpaka pwani, na nyinyi wa Amu, yaani Lamu, ndio zaidi, zipite Malindi, zipite Garsen na Witu mpaka Mokowe, zipakiwe kwenye boti tena ndio zifike pale sokoni kando ya ngome. Siku ngapi hizo njiani na joto letu hili? Kwa hivo usinunue kwa macho, nunua kwa mkono. Ishike, iminye karibu na mzizi, iwe ngumu kama jiwe na nzito kuliko inavyoonekana. Ikibonyea kama sponji iache. Chagua ndogo, za ukubwa wa ngumi ya mtoto, usivutiwe na yale majitu makubwa ati ndio faida, yale ndani yamekomaa yana nyuzi kama mti na yatakulia makaa bure. Na zichague zote za ukubwa mmoja ili ziive pamoja, hili watu hulidharau kisha wanalalamika moja mbichi moja imeungua. Ukizipata na majani yake shukuru, ujue hazijakaa sana, ila ukifika nyumbani yakate palepale kwa sababu yananyonya maji ya bitiruti, acha vikonyo vya vidole viwili juu, na ule mkia wa chini usiuguse. Ukikata mkia au ukichokora ganda umefungua mlango, rangi itatoka na utamu utaufuata. Majani usitupe, tutayarudia.

Sasa moto. Chukua sufuria nzito, ile ambayo hata ikiungua hutalia, utie mchanga mkavu safi kina cha vidole viwili, mchanga uleule wa kukaangia njugu. Kazi yake ni kuzuia bitiruti isiguse chuma, manake upande unaogusa chuma utaungua kabla ya kati kuiva. Kuna wapishi hutandika chumvi ya mawe badala ya mchanga, na sisi tuko jirani na Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, hatukosi, lakini kwa nyumba yenye mgonjwa wa presha mie nakwambia tumia mchanga usijitafutie. Osha bitiruti kwa kusugua na mkono, zikaushe kwa kitambaa, kavu kabisa, kila moja ipake matone mawili ya mafuta uifunge na foili. Zipange juu ya mchanga zisibanane. Funika na kifuniko cha bapa au sinia ya zamani, weka makaa chini kidogo na juu mengi, kama thuluthi moja chini na thuluthi mbili juu, vilevile unavyofanya mkate. Makaa yawe yameshashika yote na yana kijivu juu, sio yanayotoa moshi. Na tafadhali fanya uani au juu darini kunakopita upepo, usifungie seredani chumbani hata kama ni mvua, ile hewa ya makaa haina harufu na inaua watu.

Kwa bitiruti ndogo muda wake ni kama saa nzima. Nusu saa ikipita, funua, zigeuze, ongeza makaa juu. Zikibaki dakika kumi na tano hivi fungua foili uiache wazi, manake ndani ya foili bitiruti inapikika kwa mvuke wake yenyewe, na tunataka mwishoni ule mvuke utoke, sukari ijikusanye. Utasikia harufu yabadilika. Mwanzo yanuka udongo udongo, halafu mara moja inageuka inakuwa kama sukari guru iliyoanza kuyeyuka, hapo ujue umekaribia. Chukua kijiti cha mshikaki kidunge katikati, kikizama bila wewe kukisukuma imeiva. Kikikwama uipe dakika kumi nyengine, bitiruti haikimbii, na mbichi ya katikati ndio inayoleta ule ugumu wa kutafuna unaowaudhi wazee wenye meno yao machache.

Kwa wale wenye oveni wanaosoma hapa, digrii 200, muda uleule. Na kwa ile meko yako ya gesi yawezekana pia, sufuria ileile na mchanga uleule, moto mdogo, funika, geuza kila dakika ishirini, lakini itafika saa na robo na gesi yako itaisikia, ndio maana nakupeleka kwenye seredani. Ukipalia mkate, tumia makaa hayohayo.

Kumenya ndio pahali ninapopapenda. Ziache zipoe kiasi cha mkono kuvumilia, zisipoe zaidi ya hapo. Paka mafuta kidogo viganjani ili rangi isishike, shika bitiruti na kipande cha karatasi ya jikoni au kitambaa kikuukuu ambacho hukitaki tena, halafu sukuma ganda kwa kidole gumba. Hulikati, unalisukuma tu. Linajikunja lenyewe na kuteleza, kama ganda la nyanya iliyopitishwa maji ya moto, na chini yake unakuta ngozi laini yang'aa, nyekundu ya kiza kama kito cha pete, na jasho dogodogo la maji yake. Ukilamba kidole hapo utajua kwa nini nasema zisichemshwe. Ganda likigoma haijaiva, irudishe motoni. Kata kwenye sahani ya kioo au ya udongo, usitumie kibao chako cha mbao cha kila siku, kitakaa na doa mwezi mzima. Mikono ikishika rangi sugua na ganda la ndimu na chumvi. Ikirukia kanga, maji baridi papo hapo, ukingoja ikauke imeshakuwa urembo.

Hapa sikiliza vizuri, manake hapa ndipo dawa ya ile harufu ya udongo ilipo. Ile harufu inaitwa jiosmini, ni ileile unayoisikia mvua ya kwanza ikipiga vumbi, na kwenye bitiruti imejaa zaidi kwenye ganda. Ukichoma na ganda kisha ukalitoa umeshaondoa sehemu yake kubwa. Iliyobaki inavunjwa na ukali, yaani ndimu, siki, ukwaju, chochote kichachu. Asidi inaivunja ile jiosmini inakuwa kitu ambacho pua haikisikii tena. Lakini itiwe wakati bitiruti ingali na moto! Ikishapoa imejifunga, ndimu itakaa juujuu na ndani kutabaki udongo.

Mie hili nilifundishwa na mpishi mkuu wa Kiitaliano, mzee, kwenye hoteli moja hapa, zamani hizo, na nilimbishia. Nikamwambia ndimu hutiwa mwisho wakati wa kupakua, ndivyo sisi tunavyofanya kachumbari. Hakunijibu kitu. Akachukua bitiruti moja ya moto akaikata nusu mbili, nusu moja akaimwagia siki palepale, nusu ya pili akaiweka mpaka ikawa baridi ndio akaimwagia siki kipimo kilekile, halafu akanipa vyote viwili na uma. Ile ya kwanza ilikuwa tamu na kali mpaka kati. Ya pili nje kali, ndani ni udongo mtupu. Tangu siku hio sijabishana tena, na wasichana ninaowafundisha huwafanyia vilevile, siwaelezi, nawapa nusu mbili.

Na kuna faida nyengine, rangi. Ile nyekundu yapenda asidi, ukitia ndimu inakaa yang'aa, ukitia magadi inageuka yawa na uchafu wa kahawia. Nasema hivi kwa sababu nawajua watu wetu, wamezoea kulainisha maharagwe na kunde kwa magadi, asije akajaribu na huku.

Ndimu ipi? Ndimu ya kawaida yatosha. Lakini wewe uko Amu, ukipata danzi, lile chungwa chachu, lichukue hilo, uchachu wake una harufu ya maua na uchungu kidogo unaokata ule utamu wa bitiruti, mie siwezi kulinganisha na siki yoyote ya chupa. Ukwaju pia mzuri, uloweke uwe mzito kama uji mwepesi, ila utafanya rangi iwe ya kiza.

Vipimo vya watu wanne, nakupa kama ninavyofanya. Bitiruti nne mpaka tano ndogo, kama nusu kilo. Ndimu mbili zenye maji au nusu ya danzi, ipatikane vijiko vitatu vikubwa. Bizari nzima, nyie mwaiita uzile, nusu kijiko cha chai, ikaange kavu mpaka itoe harufu halafu itwange isiwe unga kabisa. Kitunguu saumu punje moja tu. Pilipili manga. Chumvi robo ya kijiko cha chai, kwa sahani nzima, sio kwa kila mtu! Robo hio ni kama gramu moja na nusu, ukigawa kwa wanne mama anapata chini ya nusu gramu, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, kwa hivo hapo bado yuko salama na chakula chake chengine. Hutaikosa chumvi, ndimu na uzile vinafanya kazi yake. Huo ndio ujanja wenyewe kwa watu wa presha, unapunguza chumvi kwa kuongeza ukali na harufu, ukipunguza chumvi peke yake usiongeze kitu basi chakula kinakufa na mgonjwa atakwenda kujitilia mwenyewe usiku.

Mafuta kijiko kimoja kikubwa, kwa wote wanne, na kipime usimimine kwa macho. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta yoyote ni kama kalori 120, hata yawe ya zaituni ya bei gani. Mie ningetumia uto wa simsim, nyie kwenu bara ya Lamu simsim yalimwa, mtu ana uto mzuri mlangoni ananunua mafuta ya chupa kutoka ng'ambo sijui kwa nini. Una ladha ya njugu, na ladha ya njugu na bitiruti ni ndugu. Mafuta yatie baada ya ndimu, sio kabla. Ukianza na mafuta umeifunga bitiruti ndani ya plastiki, ndimu haiingii.

Haya, mchanganye bitiruti na hivo vyote zingali vuguvugu, kata vipande vya mdomo mmoja sio vya kukwaruza, ufunike ukae nusu saa. Wakati huo tengeneza vyengine.

Ile sahani kuwa nyekundu yote, hio ni kwa sababu ulichanganya kama pilau. Saladi hii haichanganywi, inapangwa. Bitiruti ina bakuli lake mpaka dakika ya mwisho. Chini tandaza majani ya saladi yaliyokauka vizuri, majani yenye maji ndio yanayobeba rangi na kuisambaza kila pahali, yakung'ute kwenye kitambaa. Sisi Malindi tunapata rukola kwa ajili ya hawa Waitaliano wetu, ina ukali mzuri sana, nyie mkiikosa tumieni yale majani machanga ya ndani ya bitiruti yenyewe, membamba, yaliwa mabichi. Juu yake tango, halafu machungwa yaliyomenywa mpaka ule weupe umetoka, au balungi, na msimu wa kaskazi maembe yakianza, embe bichi lililokatwa vijiti badala ya chungwa, hapo mwanangu hutataka kitu chengine. Kitunguu maji chembamba, kile cha kachumbari, lakini usikivuruge na chumvi kama desturi, kiloweke kwenye ndimu dakika kumi kitapunguza ukali vilevile. Dania na nanaa kwa ukarimu. Halafu ndio bitiruti, juu, kwa kijiko, mafungu mafungu, ule mchuzi wake nyunyiza kidogo. Korosho kumi zilizokaangwa bila mafuta na kupondwa. Kumi, sio bakuli, korosho nzuri lakini konzi moja yakaribia kalori 160 na mama kaambiwa apunguze. Mayai ukitaka yakate robo uyaweke pembeni ya sahani yakae na weupe wao.

Mayonezi, hapana. Sikatazi kwa ugomvi. Kijiko kimoja kikubwa ni karibu kalori mia, karibu yote ni mafuta, na hakuna mtu hutia kijiko kimoja, na juu yake ina chumvi ambayo huioni. Kisha inaua ndimu yote tuliyoihangaikia. Ukitaka kitu laini cheupe chukua mtindi mzito vijiko vinne, punje ya kitunguu saumu iliyopondwa, nanaa, ndimu kidogo, upakaze chini ya sahani bitiruti zikae juu yake. Ukikutana na nyekundu unakuwa pinki, watoto watapenda hata kabla ya kuonja. Tui pia hapana kwa hii, na mie ni mtu wa tui damu damu, lakini tui la kwanza ni zito, kama mwataka nazi kuna mchicha wa nazi siku nyengine.

Ukitaka iwe chakula kamili cha usiku, sio kitoweo, choma changu au samaki yeyote mweupe, mchambue miba, mtandaze pembeni. Si ng'onda wala papa mkavu, yale ni chumvi tupu, tutarudi nyuma.

Sasa presha. Bitiruti ina kitu kinaitwa naitreti. Ukila, bakteria walioko ulimini wanaanza kuibadilisha, mwili unaimalizia inakuwa hewa ya naitriki oksaidi, na hio inalegeza mishipa ya damu itanuke, presha inashuka kidogo. Nasema kidogo. Na wanaopima haya mara nyingi hutumia juisi, glasi nzima, sio vipande vitano vya saladi. Kwa hivo ni chakula cha kusaidia, vidonge vya mama vinabaki palepale asiruke hata kimoja, wallahi nimeona watu hapahapa wameacha dawa ati wanakunywa bitiruti, wakaamka upande mmoja wa mwili hausikii. Na hio naitreti inayeyuka kwenye maji, ndio kile kitu nilichokwambia umekimwaga na maji ya kuchemshia. Kupalia kunaiacha ndani.

Kuongeza damu ni maneno ya rangi. Watu wameona nyekundu wakasema damu. Chuma cha kwenye bitiruti ni kidogo, haifiki miligramu moja kwa gramu 100, mchicha na maini viko mbele sana. Ina foleti kwa wingi, na foleti mwili unaihitaji kutengeneza damu, kwa hivo si uongo mtupu, lakini mtu aliyeambiwa hana damu asikae akila bitiruti akijiona anajitibu, aende kupimwa ajue amepungukiwa na nini. Na ile ndimu tuliyotia inasaidia mwili kuvuta chuma cha mboga, huo ndio msaada wa kweli uliopo kwenye sahani hii.

Wa sukari huniuliza pia kwa hivo nalisema hapahapa. Bitiruti ni tamu, gramu 100 zina sukari kama gramu 7, soda ndogo ya mililita 300 ina zaidi ya 30, na huku kuna nyuzinyuzi zinazoizuia isikimbilie damuni. Ale kiasi, isiwe juisi. Wenye mawe ya figo wazipunguze kwa sababu zina oksaleti nyingi, wenye figo zilizochoka wamuulize daktari kwanza, zina potasiamu, na baadhi ya dawa za presha zenyewe hubakisha potasiamu mwilini, hivo hata mama akienda kliniki aulize neno moja tu, "bitiruti naweza kula mara ngapi?" Si aibu kuuliza.

Na umwambie mapema, kesho yake anaweza kuona mkojo au choo chekundu. Si damu, ni rangi ya bitiruti imepita, si kila mtu huiona, labda mmoja kati ya kumi. Ikiwa hajala bitiruti akaona wekundu, hapo sasa ni hospitali.

Za kuweka: zilizoiva na maganda yake zikipoa zitie kwenye friji kwenye chombo kilichofunikwa, siku nne ziko sawa, unamenya za siku hio. Ila zitoe kwenye foili, usilaze bitiruti iliyoiva imefungwa foili nje mpaka asubuhi, joto letu na kile kifungo kisichoingia hewa vinazaa sumu ambayo huioni wala huinusi. Kama huna friji palia za siku moja tu. Na za kutoka friji zimeshapoa, zipashe moto kidogo kwenye sufuria kavu kabla ya kutia ndimu, ushajua kwa nini.

Majani sasa. Yana chuma na vitamini kuliko bitiruti yenyewe, na ni ndugu wa spinachi. Hapa tahadhari moja, kama kuna mtu nyumbani anameza dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi asiyale bila kumwambia daktari, yana vitamini K nyingi sana. Wengine wote, osha mara tatu, mchanga hujificha kwenye vikonyo, katakata vikonyo vidogo uvitie kwanza kwenye sufuria na kitunguu na kijiko cha chai cha mafuta, vikilainika tia majani, funika dakika tatu, ndimu, ondoa. Yapike jioni hiohio ulionunua, manake kwa joto la huko kwenu hayatalala mpaka kesho.